Baridi ya Kwenda Kabambare

Mama na dada yake walitenganishwa na vumbi. Hawakugombana, hawakunyang'anyana shamba, na waume zao walipendana mpaka mmoja wao akafariki. Dada mkubwa alibaki Kabambare walikozaliwa, mama akaolewa Kasongo, na kati yao ikalala ile barabara ya udongo mwekundu. Wakati wa mvua gari huzama mpaka milangoni. Wakati wa kiangazi barabara hupitika, lakini udongo wake umeshakuwa laini kama unga wa muhogo, na lori moja tu likipita, hewa yote hubadilika rangi. Mama ana pumu. Mara ya mwisho alipojaribu kwenda alipanda lori la wafanyabiashara, nami nilikuwa naye. Kabla hatujafika Lusangi ilibidi tumteremshe kando ya njia, tumlaze juu ya mkeka wa mtu tusiyemjua, midomo yake imebadilika rangi, mimi nikimshikia dawa ya kuvuta mdomoni. Mimi ndiye ninayeuza dawa katika famasi yangu ndogo pale sokoni. Siku hiyo dawa yangu mwenyewe niliiona ndogo.

Tangu hapo baba alikataza. Dada hao wawili wakabaki na simu. Mtandao ukiwa mzuri walipiga kelele kwa furaha, ukiwa mbaya walipiga kelele zaidi.

Mwaka ninaousimulia, kiangazi kilikuwa kimeanza tu. Tulikuwa uani kwa wazazi wangu asubuhi, mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, baba anakunywa chai yake. Simu ikalia. Nikaiweka chini katikati yetu ili wote tusikie.

"Mudogo wangu," alisema mama mkubwa. "Macho yangu iko inafunga. Asubui niko naona mutu kama kivuli tu. Kuja nikuone, mbele ya kufunga yote."

Mama aliuacha mchi ndani ya kinu. "Nitakuja, yaya," alimwambia dada yake. Hakusema atakujaje.

Baba alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akaenda kwenye gari lake, jipu la zamani, na kufungua kapo, kile kifuniko cha injini.

Lazima nieleze kidogo kuhusu baba. Maisha yake yote amekuwa dereva wa malori ya mazutu, yaani dizeli, wakati barabara zilikuwa barabara na wakati zilipokuwa hazipo tena. Ni mtu wa maneno machache, na maneno ya mapenzi hayamo kabisa katika hayo machache. Mama akiwa mgonjwa, baba hamuulizi kama anajisikia vizuri. Anatengeneza mguu wa kitanda. Mimi nilipofiwa na mume wangu, hakunifariji kwa neno lolote. Alinifundisha kuendesha gari. Kila jioni tulizunguka kiwanja cha mpira, yeye amekaa kando yangu akisema "polepole, polepole," na mpaka leo sijui kama alikuwa anazungumza na mimi au na klachi.

Hilo jipu alilinunua kwa shirika moja lililokuwa linafunga kazi zake na kuondoka. Lilikuwa zee hata siku ile. Lilikuwa na klima, ile mashine ya baridi, lakini baba aliidharau tangu mwanzo. Ukanda wake ulipoanza kulia kama paka, aliufungua akauweka pembeni. "Ile ni ya watu wanaogopa jua," alisema. "Sisi tuko na vitri za milango, tunashusha."

Sasa nilimkuta ameinama kwenye injini, akiitazama kompresa ya ile klima kama mtu anayemtazama jirani aliyemnyima salamu miaka mingi na leo anahitaji chumvi.

"Tukipandisha vitri zote, vumbi haiingii," alisema bila kugeuka.

"Tutaiva humo ndani, baba."

"Ndiyo maana waliweka hii kitu," alisema. "Walikuwa na akili."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Ukanda wa zamani tuliukuta kwenye banda la kuku, ukifunga mlango. Ulikuwa umepasuka kila mahali. Baba akawaagiza madereva rafiki zake, na baada ya siku kadhaa ukafika mwingine kutoka Bukavu, umefungwa kwa gazeti, na salamu nyingi za mtu aliyeubeba. Akaufunga. Tukawasha injini, nikabonyeza kitufe cha baridi, na hakuna lililotokea. Kompresa ilikaa kimya, gurudumu lake la mbele linazunguka peke yake bila kuishika mashine. Baba akafuata waya kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka akafika mahali panya walipokuwa wamekula. Akaunga, akafunga kwa utepe mweusi. Nikabonyeza tena. Ikasema "ta!" Gurudumu limeshika, kompresa inazunguka. Baba alirusha mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

Nikaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Ilikuwa hewa ya jikoni.

"Subiri," alisema baba. "Inaamuka sasa."

Tukasubiri. Ikaamka zaidi, ikawa hewa ya tanuri. Baba alisafisha ile sahani kubwa ya mapezi iliyo mbele ya rejeta, akitoa majani na mbawa za panzi kwa kijiti. Hewa ikabaki vilevile. Mwishoni alikaa juu ya tairi la akiba, akajifuta jasho.

"Haina gesi," alisema. "Yote ilitoka. Na gesi, mimi siijui."

Mama alikuwa anaanika muhogo karibu na ukuta. Alisema bila kuinua kichwa, "Mutu wa gesi iko hapahapa Kasongo. Unamujua."

Hata mimi nilimjua.

Mtu huyo ndiye fundi wa frigo wa mji wetu. Kila anayeuza vinywaji baridi anamhitaji, na hata hospitalini huitwa mashine ya kuhifadhia chanjo inapokataa kupoza. Lakini kwa familia yetu alikuwa na habari nyingine. Mama alipokuwa msichana aliletwa Kasongo kukaa kwa mjomba wake, na huyo fundi, wakati huo kijana, ndiye wa kwanza kuleta posa. Mjomba aliipenda. Mama aliikataa. Baadaye ikaja posa ya baba, na mama akaikubali. Basi. Hakukuwa na fitina wala ugomvi. Ila tangu siku hiyo wanaume hawa wawili waliswali msikiti mmoja, safu moja mara nyingine, wakasalimiana kwa adabu kubwa mno, na hakuna aliyewahi kukanyaga ua wa mwenzake. Frigo yetu ilipoharibika nilipokuwa mtoto, baba aliigeuza kabati ya nguo.

"Wewe uende kumwita," baba aliniambia.

"Mimi? Mama ni muke wako, baba. Nenda wewe."

Mama alicheka kule kwenye muhogo wake, kicheko kifupi, akakifunika kwa kikohozi.

Baba alikwenda baada ya sala ya alasiri. Alivaa kanzu safi na kofia yake ya Idi, kana kwamba anakwenda kuposa. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba jua lilikuwa bado juu walipoingia uani pamoja, fundi akisukuma baiskeli iliyopakiwa mikebe, mipira na vyuma, baba akishikilia mzigo kwa nyuma usianguke. Fundi ni mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na anajipenda. Hilo ninalisema na kulirudia. Aliegemeza baiskeli ukutani, akajipangusa mikono, akamgeukia mama.

"Shemeji," alisema. "Habari ya siku nyingi."

Walikuwa wameishi mji mmoja siku zote hizo.

"Muzuri, shemeji," mama alijibu. "Karibu kwetu."

Nilimwona baba anaachia pumzi. Shemeji ni neno la ndugu. Fundi alikuwa amechagua neno lake akiwa bado njiani, nadhani.

Kesho yake kazi ilianza kweli. Fundi alileta mashine ya kunyonya hewa aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na tumbo la frigo iliyokufa, na saa mbili za kupimia nguvu ya gesi, moja ya buluu na moja nyekundu, zenye mipira yake mirefu. Alizunguka jipu, akagonga bodi kwa kidole.

"Hii ni frigo tu," alisema. "Frigo yenye kutembea."

"Frigo haipiti mashimo," alisema baba.

"Baridi ni baridi, bwana."

"Na barabara ni barabara."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Fundi alijua gesi inavyokwenda, inapokuwa maji na inapokuwa hewa, lakini hakujua gari limeficha wapi mabomba yake. Baba alilijua gari kama nyumba yake gizani, lakini bomba la klima kwake lilikuwa bomba tu. Mmoja alisema "natafuta mahali inapotoka kwenda ndani," mwingine akaingiza mkono na kusema "hapa." Kila mmoja alimkosoa mwenzake. Mimi nilikuwa nakaa kwenye usukani kuwasha na kuzima, nikirudi famasi na kukuta wateja wananisubiri, kisha nikifunga mapema kuja kuona walipofika.

Walijaza mabomba hewa kwa nguvu ili watafute mahali panapovuja. Mama akatoa sabuni yake ya kufulia, tukaipiga povu kwenye beseni, na baba akapaka povu kila kiungo kwa brashi ya kupakia rangi. Tuliinama wote wanne tukitazama, vichwa vinagusana. Povu likatulia hapa, likatulia pale. Halafu kwenye mpira mnene uliopita karibu na betri, likaanza kuvimba lenyewe, mapovu makubwa yanayopasuka.

"Hapa!" mama alikuwa wa kwanza kuona.

Ule mpira ulikuwa umesuguana na chuma cha betri kwa kila shimo la barabara, mpaka ukatoboka. Mwingine wa aina yake Kasongo haupo. Fundi akasema atakata pale palipotoboka, aingize kipande cha bomba la shaba katikati, abane kwa kolie, zile pete za chuma zenye skrubu.

"Weka mbili kila upande," alisema baba.

"Moja inatosha. Hii ni upande wa gesi inayorudi, haina nguvu sana."

"Barabara iko na nguvu."

"Bwana, nimefunga mabomba mbele ya wewe kununua hii gari."

Akaweka moja kila upande. Wakajaza hewa kupima. Sindano ya ile saa ikapanda vizuri, fundi akatabasamu, akamtazama baba kwa pembe ya miwani.

Kiungo kikalipuka. Sina neno lingine: "pah!" kubwa, na mpira ukaruka kama nyoka. Kwetu mlio kama huo ni wa bunduki, na watu hawaulizi maswali. Baba alikuwa chini tayari, fundi chini ya jipu, mimi nimejikunja kwenye sakafu ya gari, na mama ameingia nyumbani na beseni kichwani. Jirani wa nyuma aliita watoto wake kwa sauti ya kutisha. Kuku hawakuonekana popote. Kisha kimya, na katika kile kimya tukasikia hewa iliyobaki ikitoka polepole, "fiii," kama mtu anayeomba radhi.

Mama alichungulia mlangoni, povu linamtiririka usoni. Ndipo tukacheka. Tulicheka kwa kuwa ulikuwa mpira tu. Tulipiga kelele kuvuka ua kuwaambia majirani kwamba ni gari, ni gari tu, nao wakaanza kucheka upande wao.

Fundi alitoka chini ya jipu, kofia mkononi, akijikung'uta. Nilimwangalia baba. Nilidhani sasa atasema. Alikuwa na haki ya kusema. Lakini aliingiza mkono mfukoni, akatoa kolie nyingine, alizokuwa nazo muda wote ule, akamwekea mwenzake kiganjani, akashika taa ili amulike. Fundi akafunga mbili kila upande.

Safari hii haikuvuja. Fundi akaunga ile mashine yake ya tumbo la frigo ili inyonye hewa na unyevu wote kutoka ndani ya mabomba. Hiyo ni kazi ya kungoja, na ilinguruma pale kwa muda mrefu. Mama akaleta chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, tukakaa kwenye mkeka tukiitazama sindano ikishuka.

Fundi alikunywa, kisha akasema, akitazama kikombe chake, "Shemeji, ile mwaka nilileta posa, waliniambia umesema nina harufu ya mafuta ya taa. Frigo za zamani zilikuwa za mafuta. Ni kweli ulisema?"

Mimi nilitamani kuwa kwenye famasi yangu.

"Nilisema," mama alijibu.

"Basi na huyu?" Fundi alimwonyesha baba kwa kidevu. "Huyu hakuwa na harufu?"

"Alikuwa na harufu ya mazutu," alisema mama. "Nilibadilisha mafuta tu."

Baba alikuwa na chai mdomoni. Ilitoka puani. Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, machozi yanamtoka, na fundi akimpiga mgongoni naye akicheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Sikuwahi kumwona baba akicheka namna ile kabla ya hapo. Mama alimimina chai nyingine, uso mkavu kabisa, lakini alimjazia fundi mpaka juu.

Gesi ilipoingia, baridi ilikuja. Kwanza bomba moja lilitoa jasho, kisha mama akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akakiondoa haraka, akakirudisha. "Ni kama maji ya kisima," alisema. Ila hewa yenyewe ilikuwa inatoka kidogo kidogo, kama ya mgonjwa. Baba akafungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, akaondoa vifuniko, na nyuma yake tukakuta sahani ya baridi imejaa udongo mwekundu mgumu kama tofali. Na juu ya udongo, kiota cha panya. Walikuwa wamekitengeneza kwa pamba ya viti na vipande vya kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano.

Mama alikichukua, akakigeuza.

"Kitenge changu," alisema. "Na nilisema muke wa jirani ndiye alichukua kwenye kamba." Alikikung'uta udongo. "Nitamupelekea mayai."

Tulisafisha ile sahani kwa maji ya sabuni na mswaki, tukaiacha ikauke, tukarudisha kila kitu, na skrubu kadhaa zikabaki ambazo baba alisema hazikuwa za lazima. Nikawasha. Mama akapanda mbele, akafunga mlango, akapandisha kioo. Tulisimama nje tukimtazama kupitia kioo kama watu waliopeleka mgonjwa kupigwa picha. Alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka, polepole, bila ule mlio wa pumu. Baba alimtazama muda mrefu, kisha akaanza kukusanya spana.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Macho ya baba hayako sawa siku hizi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeendesha. Mama alikaa mbele, na nyuma walikaa wazee wawili magoti yamebanana, maana baba alikuwa amemwambia fundi, "Wewe ndiye daktari ya hii kitu. Unaacha mugonjwa safarini?" Wazee hao walibishana njia nzima kuhusu mwendo wangu.

Jua lilipopanda, vumbi likaanza. Pikipiki za kutoka Salamabila zilitupita zimebeba watu watatu watatu na mizigo, nyuso zimefungwa vitambaa, na kila moja iliacha ukuta mwekundu. Niliingia ndani ya kuta hizo, taa zimewaka, na ndani ya gari hakukuingia vumbi lolote. Hata harufu haikuwepo. Nilisikia mama anahesabu vijiji kwa sauti ya chini, akivitaja kwa Kibangubangu kama alivyoviita utotoni. Tulipopita mahali tulipomlaza siku ile ya lori, aligeuza kichwa kupatazama mpaka pakapotea.

Baada ya Lusangi akapiga kelele. "Maji! Gari iko inakojoa!"

Maji baridi yalikuwa yanammwagikia miguuni. Nikasimamisha gari, nikidhani yote yameharibika. Fundi akainama, akachovya kidole, akakinusa.

"Ni maji ya baridi yenyewe," alisema. "Kila frigo inatoa maji. Iko na tundu ya kutokea. Imeziba."

Tundu liko chini ya gari. Kabla hatujaanza kubishana, baba alikuwa ameshajilaza vumbini na kanzu yake, ameingia chini. Aliukuta mpira mdogo, akautia mdomoni, akapuliza. Kwanza hatukusikia kitu, kisha "bwaa!" na baba akakohoa. Alitoka uso mzima tope jekundu, ndevu zinadondosha maji. Mama alishusha kioo kidogo, akamwita kwa kidole. Baba akasogea. Mama akampangusa uso kwa ncha ya mtandio wake, macho, pua, ndevu, bila haraka, hapo barabarani mbele ya pikipiki zinazopita.

"Funga kioo," alisema baba. "Vumbi."

Lakini hakusogeza uso mpaka mama alipomaliza.

Mama mkubwa alikuwa barazani, ameketi kwenye kiti cha miti, kichwa kimeinama upande mmoja kama wanavyofanya watu wanaosikiliza zaidi ya kuona. Mama alishuka na mtandio puani, akapanda ngazi. Dada yake alinyoosha mikono akamshika mashavu, akamvuta karibu, karibu kabisa, pua inakaribia kugusa pua, akaugeuza ule uso kwenye mwanga.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe, yaya."

"Lakini bado uko muzuri."

Walilia, na wapwa na majirani wakajaa, na vumbi la miguu yao likaanza kupanda uani. Nilisikia ule mlio mdogo kifuani mwa mama. Fundi naye aliusikia. "Waingize ndani ya gari," aliniambia. "Wote wawili."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tuliwapandisha, nikawasha injini, nikafunga milango, nikashuka. Mama mkubwa aliweka viganja vyote viwili mbele ya tundu la hewa na kinywa kikabaki wazi. Kisha wakaanza kuongea. Tuliwaona kupitia vioo, mikono inaruka, vichwa vinarudi nyuma kwa kicheko, wakifutana machozi, wakianza tena. Hatukusikia hata neno moja. Watoto walibandika nyuso kwenye vioo, tukawafukuza, wakarudi. Chakula kiliiva, wakapelekewa sahani humohumo ndani. Baba alizunguka gari mara kadhaa, akiinama kusikiliza injini.

"Mazutu inaisha," alimwambia fundi.

"Basi uwazimie."

Baba alifika mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye kishikio, akawatazama. Akarudi. "Wacha," alisema. "Kabambare iko na mazutu."

Mama mkubwa alirudi nasi Kasongo. Alisema anakuja kukaa siku chache, akakaa mpaka mvua zikaanza. Madaktari wa macho walipopita hospitalini walimpasua jicho moja, na jicho hilo sasa linaona vya kutosha kunikosoa jinsi ninavyochambua mchele. Lile la pili waliliacha. Ule mpira wenye kipande cha shaba ulidumu kiangazi kizima na kingine nusu, kisha ukachoka, ukawekwa mwingine.

Kilichokuja kutushinda ni habari kusambaa. Dereva mmoja wa padri alisikia, kisha mfanyabiashara wa dhahabu, kisha daktari. Sasa kila kiangazi ua wa wazazi wangu umejaa magari yaliyofungua vinywa, na wazee wawili wameinama ndani yake wakibishana kuhusu kolie. Juzi nilipita asubuhi nikamkuta mama amesimama katikati yao na ungo wa muhogo kichwani, akitafuta mahali.

"Nitaanika wapi?" aliwauliza.

Hawakumsikia. Akautua ungo juu ya kapo la gari la daktari, lililokuwa bado limefungwa, akautandaza muhogo vizuri, akaingia ndani kuwawekea chai.